Jibu la mkato

Jumamosi, usiku

Leo asubuhi nimetoka tena mikono mitupu kwa fundi cherehani. Shati la kitenge nilimpelekea tangu mwezi uliopita.

"Shikamoo fundi."
"Marahaba."
"Lile shati langu?"
"Bado."
"Sasa lini?"
"Kesho."

Macho hayakubanduka kwenye kitambaa. Neno moja moja, kama mtu anayepiga simu kwa salio la mwisho. Ndani ya daladala likanijia neno la Kiingereza lililonitia aibu wiki mbili zilizopita: curt.

Ilikuwa hivi. Kazi yangu ni tafsiri, na hiyo ya juzi nilikuwa naifanya na mama mmoja mhariri aliyeko Uingereza. Akaniandikia barua pepe, aya tatu nzima, kuuliza kama naweza kumrudishia sura mbili za mwisho kabla ya Ijumaa. Nikamjibu: "Yes. Thursday." Nikajiona mchapakazi. Kesho yake akaniambia, kwa upole kabisa, kwamba majibu yangu ni curt kidogo. Nilisoma haraka haraka nikadhani nasifiwa. Kwetu mtu wa maneno machache ni mtu wa maana. Nikamshukuru: "Thanks."

Ndiyo, neno moja tena.

Kamusi nilifungua baadaye, nikakuta curt ni mfupi wa maneno hadi kukosa adabu, nikataka kujificha chini ya meza. Neno lenyewe limetoka kwenye Kilatini, curtus, kitu kilichokatwa kikabaki kifupi. Kwa hiyo sisi tunalo siku zote: jibu la mkato. Zamani kwa Kiingereza nalo lilikuwa ufupi tu, bila lawama. Ukali uliingia baadaye, na ulipoingia haukutoka. Maandishi mafupi yakipendeza wao huyaita terse, neno lenye asili ya kupangusa kitu mpaka king'ae. Blunt ni butu, kama kisu, na ni mtu anayekupa ukweli bila kuuzungusha. Huyo anaweza hata kujivunia sifa hiyo. Gruff ni sauti ya kukwaruza, ya babu anayekufokea huku amekufichia andazi. Ila sijaona anayejisifu kuwa curt.

Kilichonivutia ni kwamba mara nyingi neno hili halimhukumu mtu mzima. Jibu ndilo huwa curt, au kichwa kilichotikiswa mara moja tu, au fulani alikuwa curt asubuhi ile. Mchana huenda akawa mwema. Sisi subira hiyo hatuna. Mtu akikujibu mkato mara moja, basi: ana kisirani, ana dharau, hakulelewa. Kwa jibu moja tumeshamfikia mama yake.

Halafu nikakuta jambo lililonichekesha peke yangu. Wanaisimu wanalirudisha curt kwenye mzizi wa kale sana wenye maana ya kukata, na huko huko ndiko wanakotoka short, shirt na skirt. Yaani ni ndugu wa shati na sketi! Hao wawili tuliwakopa, huyu tukamwacha. Pengine ni heri. Kwa mtindo wa shati angekuwa "kati", kwa mtindo wa sketi angekuwa "keti", na maneno hayo yana kazi zake tayari.

Lakini kwa nini mimi? Kwa Kiswahili siwezi kumwomba jirani hata chumvi kabla sijaulizia watoto wameamkaje. Nikigusa Kiingereza nakuwa mkavu kama dagaa. Nadhani ni dhana niliyotoka nayo shuleni, kwamba hiyo ni lugha ya kazi, salamu zetu ndefu haina. Nimeirudia ile barua ya yule mama leo, polepole. Kumbe salamu zimo, zimejificha ndani ya vitenzi. Hakuulizia habari za nyumbani, ni kweli, lakini hakuandika "nataka" wala "leta". Aliandika kwamba alikuwa akiwaza kama huenda ingewezekana. Hiyo ndiyo shikamoo yake, nami sikuiitikia.

Nimemwandikia upya. Aya mbili, na hali ya mvua nimeiweka.

Jioni nilipita tena kwa fundi, maana ni njia yangu. Safari hii nilimtazama vizuri. Kati ya midomo alikuwa amebana pini nne! Sasa mtu aliyeshika pini kwa meno utamdai sentensi ndefu? Nilijiona mjinga kwa yote niliyomsema moyoni tangu asubuhi. Nikakaa kwenye benchi, nikasubiri. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye kipande cha sponji kando ya cherehani, akajifuta mdomo kwa mgongo wa mkono.

"Fundi, pole na kazi. Nilikuwa naulizia tu, kama haitakuwa usumbufu, lile shati..."

"Jumatatu."