Helmeti ya mtoto anayepanda farasi: pima kwanza, funga, ndipo apande

Poni, yaani farasi wa umbo dogo, wa sentimita 120 begani si mrefu, lakini mtoto wa miaka saba akishaketi juu yake, kichwa chake kinakaribia mita 2 kutoka ardhini. Chini kuna kwato, na pembeni kuna mbao za uzio. Ndiyo maana helmeti ya baiskeli haitoshi: sehemu ya chini ya kisogo inabaki wazi, na haikupimwa kwa teke wala kwa kitu chenye ncha. Ya bodaboda nayo ni nzito mno kwa shingo changa, tena inamziba masikio asimsikie mwalimu.

Angalia lebo ndani. ASTM F1163 ya Marekani yenye alama ya SEI (taasisi inayothibitisha vifaa vya usalama), PAS 015 ya Uingereza au VG1 ya Ulaya ni viwango vya helmeti za kupandia farasi. Ukikuta helmeti ya mtumba imeandikwa EN 1384 tu, jua kwamba toleo la zamani la kiwango hicho liliondolewa Ulaya mwaka 2014. Na kwa maoni yetu helmeti ya mtumba isinunuliwe hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu tutakayoieleza hapo chini.

Kupima ndiko watu wanakokosea zaidi. Chukua futi ya fundi cherehani, izungushe kichwani sentimita 2.5 juu ya nyusi, ipite pale kisogo kinapotokeza. Namba hiyo ndiyo saizi. Mvishe, ikae sawasawa, ukingo wa mbele uwe vidole viwili vya mtu mzima juu ya nyusi. Ikining'inia nyuma kama kofia ya sherehe, paji la uso halina kinga. Kabla ya kufunga mikanda, mwambie ainame na kutikisa kichwa: haitakiwi kuanguka. Kisha ishike uisogeze kidogo. Ngozi ya paji inapaswa kwenda nayo. Ikiteleza peke yake, ni kubwa. Ikibana mbele na nyuma huku ubavuni kuna nafasi, saizi huenda ni sahihi ila umbo silo, maana vichwa vingine ni vya duara na vingine ni virefu. Jaribu ya kampuni nyingine. Kile kirungu cha kukazia nyuma hakiifanyi helmeti kubwa kuwa ndogo, kwa hiyo ile hesabu ya sare za shule, "atakulia humo humo", hapa haifai.

Nywele ni suala kubwa kwetu, na maelekezo mengi ya kiwandani hayaligusi. Helmeti iliyopimwa juu ya rasta nene italegea siku mtoto akifumua, na iliyopimwa kwenye nywele fupi haitaingia akisuka mabutu. Mpime na mtindo atakaopandia, na urudie kila mtindo unapobadilika. Afadhali mistari iliyolala, ikifungwa chini usawa wa shingo. Shanga, vibanio na fundo la utosini viondolewe, kwani akianguka vinasukumwa kwenye fuvu. Anayevaa hijabu avae nyepesi isiyo na pini, na fundo lisikae chini ya helmeti.

Mikanda ya pembeni ikutane chini kidogo ya sikio. Ule wa kidevuni uache nafasi ya kidole kimoja. Sasa sukuma ukingo wa mbele kwenda juu: paji likifunuka, kaza tena.

Povu gumu la ndani hufanya kazi kwa kupondeka, na likishapondeka halirudi, hata kama ganda la nje linang'aa. Ndiyo sababu ya kukataa mtumba: hujui imeshaanguka mara ngapi. Mtoto akianguka na kugonga kichwa, helmeti hiyo imeshamaliza kazi. Isiachwe ndani ya gari juani, isipakwe rangi ya kupuliza, isisafishwe kwa petroli wala tina. Maji na sabuni laini vinatosha. Watengenezaji wengi wanashauri ibadilishwe baada ya takriban miaka 5.

Ivaliwe kabla ya kumkaribia farasi, maana teke linampata hata anayepita nyuma yake kwa miguu. Ivuliwe farasi akishakuwa mikononi mwa saisi, yaani mtunza farasi.

Lipo jambo ambalo helmeti hailiwezi: mtoto kuburutwa mguu ukinasa. Kikuku, yaani chuma cha kukanyagia kinachoning'inia kwenye tandiko, kizidi upana wa kiatu kwa sentimita 2.5 hivi, na kiatu kiwe na kisigino kidogo. Raba bapa hupenya moja kwa moja. Asizungushiwe kamba mkononi, na kamwe asifungwe kwenye tandiko "ili asianguke", kwa sababu farasi akilala au kubiringika mtoto hana pa kutokea.

Akianguka na kulalamika shingo, msimwinue wala kumvua helmeti kama anapumua vizuri. Mshikilieni kichwa kitulie, muite msaada. Akitapika, akisinzia isivyo kawaida, akichanganyikiwa au kichwa kikizidi kuuma, ni hospitali moja kwa moja. Hata akiinuka akicheka, aliyegonga kichwa asipande tena siku hiyo.