Issue 1, tena?

Kama unaishi hapa Ohio, Marekani, na umepata uraia miaka hii ya karibuni, yamkini umepigia kura Issue 1, yaani hoja namba moja kwenye karatasi ya kura, mara tatu ukadhani ni jambo lilelile. Agosti 2023 ilikuwapo Issue 1. Novemba mwaka huohuo ikaja nyingine. Novemba 2024, Issue 1 tena. Mama mmoja wa Bukavu tunayekaa naye jengo moja hapa Columbus alinisimamisha kwenye ngazi: "Dada, hii si tulishaikataa?" Ndiyo mama, tuliikataa. Lakini namba ni moja, hoja ni tofauti: ile ilikuwa ile, na hii ni hii.

Ya kwanza, ile ya Agosti 2023, ndiyo iliyokuwa na hila ya wazi. Tangu 1912 katiba ya Ohio inabadilishwa kwa wingi wa kawaida tu: nusu ya kura na moja zaidi. Wabunge walitaka kiwango hicho kipande hadi asilimia 60, na raia wanaotaka kuleta hoja yao kwa kukusanya saini walazimike kupata saini za kutosha katika kaunti zote 88 badala ya 44. Tena waliipeleka Agosti, watu wakiwa likizo, ilhali bunge hilohilo lilikuwa limetoka kupitisha sheria ya kupunguza chaguzi za Agosti kwa hoja kwamba wapiga kura hawajitokezi. Safari hii walijitokeza, zaidi ya milioni tatu, na asilimia 57 hivi wakasema hapana. Novemba ikaja haki ya utoaji mimba, ikapita kwa karibu asilimia 57. Piga hesabu mwenyewe uone ile asilimia 60 ilikuwa imetegewa nani. Kuhusu utoaji mimba wenyewe, mimi nina dini yangu na wewe una yako, wallahi siingii huko.

Ninachotaka kusema ni kuhusu maandishi ya karatasi ya kura. Watu wengi wanadhani swali wanalolisoma pale kituoni limeandikwa na waliokusanya saini. Hapana. Linaandikwa na bodi ya watu watano, mwenyekiti wake ni Katibu wa Jimbo, naye ni mwanasiasa aliyechaguliwa kwa tiketi ya chama kama wengine. Kwenye ile ya utoaji mimba, waombaji waliandika "kijusi". Bodi ikaweka "mtoto ambaye hajazaliwa". Ikapita hata hivyo.

Ya 2024 ndiyo iliyoniuma. Hoja yenyewe ilikuwa hivi: wanasiasa waondolewe kwenye kazi ya kuchora mipaka ya maeneo bunge, wawekwe raia 15, yaani Warepublican watano, Wademokrat watano, na watano wasio na chama. Aliyekuwa mbele ya kampeni ni Maureen O'Connor, jaji mkuu mstaafu wa jimbo na Mrepublican, ambaye mahakama yake ilikuwa imeitupa ramani ya wanasiasa mara kadhaa mwaka 2022 na bado tukapigia kura ramani zilezile. Ziliwasilishwa saini zaidi ya 731,000. Zilizothibitishwa zilipita 535,000, na zilizohitajika ni kama 413,000. Watu walisimama juani nje ya maduka na maktaba kuzitafuta.

Halafu unafungua karatasi ya kura unakuta mstari wa kwanza unasema hoja hii itafuta ulinzi dhidi ya mipaka ya upendeleo (ile inayochorwa ili chama fulani kipate faida), ulinzi uliokubaliwa na karibu robo tatu ya wapiga kura 2015 na 2018. Ukishuka chini unaambiwa tume mpya italazimika kuchora mipaka kwa kupendelea kimojawapo cha vyama viwili vikubwa. Yaani dawa imebandikwa jina la ugonjwa! Waliokusanya saini walikwenda Mahakama ya Juu ya Ohio, majaji wanne kwa watatu wakaamuru marekebisho madogo na maneno hayo yakabaki. Ikaanguka, karibu asilimia 54 wakiikataa. Siwezi kuapa kwamba ni maneno yaliyoiangusha. Lakini kazini kwangu, kwenye nyumba ya wazee, mwenzangu wa zamu alinieleza kwa fahari kwamba amepiga hapana kwa sababu anachukia mipaka ya upendeleo. Mimi nilipiga ndiyo kwa sababu hiyohiyo.

Nilikulia Kisauni, Mombasa, na kura yangu ya kwanza ya maoni, ya katiba ya Kenya, ilikuwa 2005: ndizi ni ndiyo, chungwa ni hapana. Chungwa likashinda. Mwaka 2010 ikawa kijani na nyekundu. Tulicheka sana wakati ule kwamba tunapigia katiba kura kama tuko sokoni Kongowea, ila sasa naona tunda halina ulimi wa kukudanganya. Sisemi Kenya ilikuwa safi. Ile ya 2010 ilikuwa na vifungu 264, unameza vyote au unatema vyote. Ohio angalau kila rekebisho lina swali lake.

Sasa kwetu tunaosoma Kiswahili kuna jingine. Sheria ya shirikisho inayolazimisha kaunti kutoa karatasi za kura kwa lugha nyingine inataja Kihispania, lugha za Waasia na za wenyeji wa asili wa Marekani na Alaska. Lugha za Kiafrika hazimo, hata tungejaa mtaa mzima. Lakini sheria hiyohiyo inasema asiyeweza kusoma au kuandika anaruhusiwa kuingia na msaidizi anayemtaka mwenyewe, mradi si mwajiri wake au wakala wa mwajiri, wala afisa au wakala wa chama chake cha wafanyakazi. Kwa hiyo mama wa Bukavu tulikwenda naye Morse Road kura za mapema, foleni imezunguka jengo. Nilimsomea swali lote kwa Kiswahili chetu, langu la Mombasa na lake la Kivu, bila kumwambia achague nini. Aliniuliza, "Walioandika hivi wanataka tukubali ao tukatae?"

Mei 2025 ikaja Issue 2, mikopo ya dola bilioni 2.5 ya barabara na maji kwa miaka kumi. Swali fupi, linaeleweka, ikapita kwa urahisi. Ikija hoja nyingine yenye maneno mengi, mnitafute kabla ya kwenda kituoni. Maandishi kamili ya hoja huwa yamebandikwa ukutani palepale; tutaanza na hayo, karatasi baadaye.