Mgongo wangu ulikuwa mzima

Bwana asifiwe, wapendwa. Wiki hii nawaandikia nikiwa na aibu.

Mwezi jana akina mama tulifanya uchaguzi, nikashindwa kwa kura 2. Nikapewa umakamu. Nilishukuru kwa mdomo, moyoni nikanuna. Jumapili 3 mfululizo nimeketi nyuma kabisa, karibu na mlango, nikisingizia joto (na kaskazi hii ya Malindi, nani angenibishia?). Mwenyekiti akaniomba nihesabu sufuria za stoo kabla ya semina. Nikamjibu mgongo unauma.

Jumatano jioni nilikuwa nachambua mbaazi, kijana wangu akinisomea kazi ya shule kuhusu Catherine Ndereba, yule askari magereza wetu aliyeshinda mbio za marathoni za Boston mara 4 na kuvunja rekodi ya dunia kule Chicago mwaka 2001. Nilikuwa nasikiliza nusunusu. Olimpiki ya Athens 2004, akawa wa pili, nyuma ya Mizuki Noguchi wa Japani kwa sekunde 12. Akarudi mazoezini. Mwaka 2007, akiwa na miaka 35, akatwaa ubingwa wa dunia kwa mara ya pili, kule Osaka, kwenye joto kali. Mwaka uliofuata, Olimpiki ya Beijing, wa pili tena.

"Mama, wa tatu alimwacha kwa sekunde moja tu."

Nikaweka ungo chini.

Sekunde moja, baada ya kilomita 42! Dhahabu ilikuwa imeshakwenda kwa Constantina Tomescu wa Romania, na Mchina Zhou Chunxiu yuko kisogoni. Kumbe hata hiyo nafasi ya pili iligombaniwa mpaka hatua ya mwisho. Mimi yangu nimeikalia kama kigoda.

Paulo anasema apokeaye tuzo ni mmoja. Mstari huo nimeufundisha miaka mingi, na kila mara huyo mmoja nilimwona ni mimi. Ile "pigeni mbio namna hiyo" inayofuata nilikuwa naipita haraka. Sasa nisikilizeni, maana siko peke yangu. Wewe dada uliyeacha kwaya kwa kunyimwa kuongoza wimbo, sauti yako imekauka? Na wewe mzee uliyesusa kamati ya ujenzi kwa sababu jina lako halikutangulia, lile paa linakuvujia wewe pia. Tulikuwa tukipiga mbio vizuri; ni nani aliyetuzuia? Tusimsingizie shetani kila kitu. Mengine ni kununa tu, na kununa tunakulea wenyewe, tunakunywesha na chai.

Jana saa kumi nilikwenda kuchukua ufunguo wa stoo. Sufuria kubwa ziko 9, mifuniko 7, na moja imetoboka chini. Mwenyekiti nimeshamtumia hesabu. Habari ya mgongo nitamweleza Jumapili, ana kwa ana.