Priampu ya kurekodia zeze nyumbani
Ndugu zangu mnaorekodi majumbani hapa Bagamoyo, kabla ya kununua kadi ya sauti (kifaa cha kuunganisha maiki na kompyuta) angalieni priampu yake, yaani sehemu inayokuza sauti ya maiki, inaongeza desibeli ngapi. Maiki kama Shure SM7B inataka angalau 60, na kadi nyingi za bei nafuu zinaishia hamsini na kitu. Ukirekodi ala ya sauti ndogo, unapandisha priampu mpaka mwisho na mvumo unapanda nayo. Mimi nimechukua maiki ya kondensa, ile inayotaka umeme wa volti 48 kutoka kwenye kadi. Sauti inatoka na nguvu, priampu ya kawaida inatosha kabisa. Jana nimerekodi zeze la mjomba, jamani, hadi upinde ukikwaruza nyuzi unausikia! Ila zimeni feni kwanza. Pesa iliyobaki nimenunua stendi imara.