Nilivyoacha kupima seli moja moja

Kazi yangu hapa Malindi ni kufungua betri za laptopu zilizokufa na kuokoa seli za lithiamu zenye uhai bado, ziingie kwenye taa za wavuvi. Kupima uwezo wa seli moja kwa kumaliza chaji yake kwa ampea 1 huchukua karibu saa mbili, nami nilikuwa nimekaa na mita mkononi. Mzigo ukarundikana.

Nikaunda kipimaji cha nafasi 8. Kila nafasi ina rezista ya omu 4, kikinza umeme cha kumaliza chaji, na relei, swichi inayowashwa kwa umeme. Bodi ndogo ya kompyuta inasoma volti kila sekunde, inajumlisha mAh (miliampea-saa, kipimo cha chaji iliyotoka), na kukata umeme volti zikifika 3.0.

Tatizo likaanzia hapo. Seli ileile ilitoa mAh 1,900 nafasi ya pili, 1,400 nafasi ya sita. Nilihangaika na programu usiku kucha, bure. Asubuhi mpwa wangu akasema, "Mjomba, hebu tazama hivi vibanio." Vimeota kutu ya kijani! Upepo wa chumvi hauachi shaba salama. Kibanio chenye ukinzani wa omu 0.2 hula volti 0.2 ampea 1 ikipita, basi mashine ikadhani seli imeisha.

Nikaongeza nyaya mbili nyembamba za kupimia tu, zinazogusa ncha za seli bila kupitisha ile ampea 1. Tofauti kati ya nafasi ikashuka chini ya mAh 20.

Zinazokutwa chini ya volti 2 sizichaji kabisa: shaba ya ndani huweza kuwa imeyeyuka, na kuleta shoti zikichajiwa. Nazifunga ncha kwa utepe, naziweka kwenye ndoo ya mchanga mkavu.