Jinsi Nilivyomfanya Roboti Achekeshe

Hadithi niliyowatungia wanangu hapa Ujiji, ya mtoto na kaka yake roboti, haikumchekesha yeyote, kwa sababu roboti wangu alijua kila kitu na hakukosea kamwe. Nilimpunguzia akili. Nikamfanya ayachukue maneno kama yalivyo, kisha nikamtuma kazi za nyumbani: alipoambiwa apige pasi, aliitwanga kwa mchi mpaka mpini ukang'oka, alipoambiwa apige deki, aliichapa sakafu fimbo tatu huku akiiuliza kama imekoma. Mdogo wake, aliyekuwa akianika dagaa uani, akawahi kuificha simu, maana mama alikuwa ameanza kusema, “Mwanangu, hebu mpigie babu…” Kitindamimba wangu alicheka hadi akapaliwa na chai.