Siku moja maishani mwangu: fundi wa pampu kwenye banda la samaki wa mapambo, Mombasa

Saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kabla sijawasha taa nasimama mlangoni nisikilize. Humu mna matangi ya maji chumvi ya vitatange, kamba wadogo na samaki wengine wa matumbawe, walioletwa na wazamiaji, wakingoja safari ya ndege. Kazi yangu ni pampu zinazowaweka hai. Pampu nzima ina mvumo mmoja mzito usiobadilika. Ikikwaruza, ina chokaa kwenye mhimili. Ikigugumia, inavuta hewa, maana yake maji ya tangi la chini, zinamokaa pampu, yamepungua, na hiyo siiachi hata dakika tano. Pampu ya kuzamishwa hupozwa na maji hayohayo inayoyasukuma. Ikizunguka kavu hupata moto mpaka plastiki ikalegea.

Leo mvumo ni mzuri. Najazia maji yasiyo na chumvi, kwa sababu yanayopotea kwa joto ni maji tu, chumvi hubaki.

Saa moja asubuhi. Nafuta chumvi kwenye nyaya na soketi kwa kitambaa kikavu, stima ikiwa imezimwa. Chumvi hutambaa. Tone likirukia waya leo, kesho ni ukoko mweupe, na ukoko huo hunyonya unyevu wa hewa yetu ya pwani ukapitisha stima. Kila waya nauacha uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kwenye plagi, ili maji yanayoufuata yadondokee sakafuni. Ni jambo dogo lisilogharimu hata shilingi, na bado naingia nyumba za watu wenye matangi ya bei kubwa nikakuta plagi imelala chini ya tangi.

Saa tatu kasoro. Kijana tunayefanya naye kazi ameingiza mkono kwenye safu ya tatu ya matangi kuokota jiwe. Ana mchubuko wa matumbawe kidoleni.

"Fundi, maji haya yananiwashawasha kwenye kidonda."

"Toa mkono! Usiguse fremu ya chuma!"

Nilikimbilia meni swichi. Kidonda kinahisi stima ambayo ngozi nzima isingeihisi, kwa hiyo mtu akiniambia hivyo sisemi ni chumvi inamchoma. Tulitoa pampu zote za safu ile, moja baada ya nyingine. Ya tatu ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele pale waya unapoingilia. Ndani ya pampu hizi koili ya shaba huzibwa kwa gundi ngumu, na kinachozunguka ni sumaku iliyobeba impela, yaani panga la kusukuma maji, bila waya wowote. Uzibo ukipasuka, maji chumvi hufika kwenye shaba. Nilipoupanua ule ufa nikaona kijani, kutu ya shaba.

Na pampu ilikuwa ikisukuma maji vizuri kabisa, bila kukwaruza. Hilo ndilo linaloniuma. Pampu iliyokufa kila mtu huiona. Hii ilikuwa inavuja stima na shaba huku ikifanya kazi. Shaba kidogo tu samaki anaweza kuivumilia, kamba na matumbawe hawawezi. Tuliwahamisha kamba wote na kubadilisha nusu ya maji.

Kwa nini breka haikukata? Tuna breka inayokata stima papo hapo uvujaji ukifika miliampea 30. Lakini wiki mbili zilizopita, mzigo ulipotujia ghafla, niliunganisha safu ya tatu kwa ekstensheni kutoka soketi isiyopitia breka ile, nikasema nitairekebisha kesho. Nilimwomba kijana radhi mbele ya wenzetu. Kabla ya saa tano ekstensheni ilikuwa imetoka, nikachovya tangini kijiti cha titani kilichofungwa kwenye waya wa ardhini. Tangi la kioo au plastiki halina njia ya kufikisha stima ardhini, hivyo uvujaji hukaa kimya mpaka mtu aingize mkono, naye akawa ndiyo njia. Kijiti hicho huipa stima njia nyingine, breka ikakata mapema. Bila breka nisingekiweka, kwa sababu kingeipitisha tu stima majini saa zote.

Saa saba. Pampu nne ziko kwenye ndoo ya siki na maji, nusu kwa nusu. Baada ya saa moja chokaa inatoka kwa mswaki.

Saa tisa. Kufunga mizigo. Mifuko, oksijeni, maboksi.

Saa kumi na mbili jioni. Nazima stima makusudi. Usiku wa Agosti 25, 2023, nchi nzima ilipokaa gizani, ndipo nilipojua kwamba jaribio hili halina mbadala. Maji ya bahari ya nyuzi 28 hubeba oksijeni kama miligramu 6 tu kwa lita, karibu moja ya tano pungufu ya maji yasiyo na chumvi, na tangi lililojaa samaki huimaliza haraka. Kwa hiyo natazama mambo mawili. Kwanza, pampu ndogo za hewa za betri ziwake zenyewe. Pili, maji yanayorudi kwenye bomba yasifurishe tangi la chini. Siitegemei valvu ya kuzuia, kwani minyoo na chokaa huifanya isifunge. Nategemea kitundu nilichotoboa kwenye bomba chini kidogo ya uso wa maji, kinachoingiza hewa na kukata mvuto unaoyarudisha maji.

Safu mbili za kwanza zilisimama kwenye alama. Ya tatu ilipita alama, ikaendelea kupanda. Kijana akapanda ngazi na tochi, akakuta kitundu kimezibwa na konokono mdogo. Akamtoa kwa kijiti cha meno, bomba likavuta hewa kwa sauti, maji yakasimama vidole viwili chini ya ukingo.

Niliirudisha stima, tukasikiliza safu moja baada ya nyingine mpaka zote zikavuma.